Fikira za Mkutubi wa Madras

Waandishi wa historia huwaandika wafalme, majemadari na wasemaji wa mabaraza, na ni mara chache sana kuikumbuka kazi ya mtu aliyekaa na ufunguo wa kabati la vitabu. Walakini mtu huyo ana mamlaka ambayo si haba. Yeye ndiye aamuaye mlango ufunguliwe saa ngapi, nani aingie na nani azuiwe, kitabu gani kiwe karibu na mkono na kipi kiwekwe juu mahali pasipofikika. Maamuzi ya namna hiyo hukatwa kila siku pasipo kura wala hotuba, lakini matokeo yake ni siasa kamili. Kwani mtu anyimwaye kitabu hunyimwa pamoja nacho nafasi ya kujua haki yake, kazi yake na dunia yake. Ni wachache katika karne ya ishirini waliolitafakari jambo hili kwa bidii kama Shiyali Ramamrita Ranganathan, mkutubi wa Madras, mji wa kusini ya Bara Hindi ambao tangu 1996 huitwa Chennai.

Ranganathan alizaliwa 1892 katika Shiyali, mji mdogo wa nchi ya Watamil, ambao jina lake alilichukua pamoja na la baba yake kwa desturi ya kwao. Alisoma hesabu katika Madras Christian College, akafundisha somo hilo Mangalore, Coimbatore na mwishowe Madras penyewe. Hakuwa na nia ya kuwa mtunza vitabu. Chuo Kikuu cha Madras kilipotangaza kwamba chahitaji mkutubi wake wa kwanza, watu wapatao mia tisa walipeleka maombi, na hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa amejifunza ukutubi. Ranganathan alikuwa karibu amesahau kwamba naye ameomba. Alipoitwa kwenda kuhojiwa alisoma makala moja tu juu ya maktaba katika kamusi kuu ya elimu, Encyclopaedia Britannica, na kwa elimu hiyo ya siku chache akaenda mbele ya wakubwa. Akachaguliwa, na Januari 1924 akaanza kazi.

Kazi hiyo ilimchosha upesi. Baada ya darasa lenye maswali na mabishano ya vijana, ukimya wa maktaba ulimlemea, na wiki hazikupita nyingi kabla hajarudi kwa wakubwa wake kuwasihi wamrudishe katika ualimu wa hesabu. Wakubwa hawakumkatalia wala hawakumkubalia. Walipatana naye aende kwanza London kutazama maktaba zinavyoendeshwa huko. Akirudi hali moyo wake ungali hautaki, nafasi yake ya ualimu itamngoja. Mapatano haya yafaa kuangaliwa vizuri, kwa sababu yanaonyesha ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi. Maktaba iliyomchosha haikuwa imekosa vitabu. Ilikuwa imekosa watu, na mwalimu aliyezoea watu aliona kwamba chumba cha vitabu bila ya wasomaji ni ghala tu.

Katika London alisoma ukutubi katika University College, lakini somo kubwa zaidi alilipata nje ya darasa. Mwalimu wake, W. C. Berwick Sayers, alikuwa pia mkutubi wa mji wa Croydon, na kwa msaada wake Ranganathan aliweza kuzitembelea maktaba zaidi ya mia moja za nchi ile. Aliwaona watoto wakihadithiwa hadithi katika vyumba vyao wenyewe, akawaona mafundi na wanawake wa nyumbani wakiazima vitabu bila ya kulipa. Watu hao hawakuwa wataalamu. Walikuwa raia wa kawaida waliopita maktabani kama wapitavyo sokoni, na kilichowawezesha kufanya hivyo kilikuwa sheria.

Sheria hiyo ilikuwa na historia yake. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Maktaba za Umma katika 1850, ikaipa miji mikubwa ruhusa ya kutoza nusu peni katika kila pauni ya thamani ya majengo ili kujenga maktaba. Ilikuwa sheria yenye woga: fedha zile ziliweza kujenga nyumba na kumlipa mtunzaji, lakini hazikuruhusiwa kununua vitabu, mpaka sheria nyingine ya 1855 ilipoiongeza kodi hiyo ikafika peni moja na kuiondoa kasoro hiyo. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa, na miaka sabini baadaye mgeni kutoka Madras aliyaona matunda yake. Aliona tena jambo ambalo hapana mtu aliyehitaji kumweleza. Dola ile ile iliyoona kuwa mtoto wa fundi wa Croydon anastahili kitabu kwa fedha ya umma haikuwa imeweka sheria kama hiyo kwa ajili ya mtoto wa mkulima wa Tanjore. Katika Bara Hindi jaribio kubwa la maktaba za watu wote lilikuwa limefanywa na mtawala mwenyeji, Maharaja Sayajirao Gaekwad wa Baroda, ambaye katika 1910 alimwajiri Mmarekani William Alanson Borden aanzishe mtandao wa maktaba katika milki yake. Penye nia, basi, jambo hili liliwezekana katika ardhi ya Bara Hindi kama lilivyowezekana katika ardhi ya Uingereza.

Ranganathan alirudi Madras 1925, na habari ya kurejea katika hesabu haikutajwa tena. Alifanya kazi hapo karibu miaka ishirini bila ya kuchukua likizo, na wanaoyaeleza maisha yake husimulia kwamba hata siku ya arusi yake alirudi maktabani alasiri. Makabati yalifunguliwa ili msomaji aingie mwenyewe kati ya rafu, ashike kitabu, akifunue, na akirudishe kama hakimfai. Saa za kufungua ziliongezwa. Wasaidizi walifundishwa kumkaribisha mgeni na kumwuliza haja yake, badala ya kungoja aje na jina la kitabu mkononi. Mabadiliko haya yaweza kuonekana madogo kwa mtu wa leo. Kwa mtunzaji wa zamani, ambaye kitabu kikipotea hukatwa mshahara, yalikuwa kama kuliacha zizi wazi usiku.

Hapo ndipo fikira zake za kila siku zilipoanza kutafuta umbo. Akiwa mtu wa hesabu hakuridhika na mazoea mengi yasiyoshikamana. Alitaka kujua kama mambo yote ya maktaba, toka mahali pa jengo mpaka urefu wa rafu, yaweza kutokana na misingi michache, kama vile elimu ya maumbo inavyotokana na kauli chache zisizohitaji ushahidi. Jioni moja ya 1928 Edward B. Ross, aliyekuwa mwalimu wake wa hesabu zamani, alimkuta katika mashaka hayo, naye ndiye aliyemtamkia msingi wa kwanza kwa maneno machache sana: kwamba vitabu vipo ili vitumiwe. Mengine yalifuata kwa wepesi. Kila msomaji apate kitabu chake. Kila kitabu kipate msomaji wake. Wakati wa msomaji usipotezwe. Na maktaba ihesabiwe kuwa kiumbe kinachokua. Kanuni hizi tano zilitolewa kuwa kitabu katika 1931, nacho ndicho kilichomtambulisha Ranganathan kwa ulimwengu.

Mtu azisikiapo kanuni hizo kwa mara ya kwanza huweza kucheka. Nani asiyejua kwamba kitabu ni cha kusomwa? Lakini Ranganathan alijua kwamba neno lililo dhahiri mdomoni si lazima liwe dhahiri katika matendo. Katika Ulaya ya zamani vitabu vilifungwa rafuni kwa minyororo ya chuma, na minyororo ilipoondolewa tabia yake ilibaki katika mioyo ya watunzaji. Kwa kanuni ya kwanza peke yake aliihukumu dunia nzima ya desturi. Maktaba hujengwa pembeni ya mji ili kuepuka vumbi na kelele. Lakini mwenye duka anayetaka kuuza hutafuta mahali penye watu wengi. Maktaba hufunguliwa saa ambazo wasomaji wako kazini, na hufungwa wanapopata nafasi. Rafu hupandishwa mpaka darini ili zichukue vitabu vingi, hali msomaji wa kimo cha kati, asimamaye chini bila ya ngazi, hawezi kuzifikia. Kila moja ya desturi hizi ina sababu yake, na kila sababu humpendelea mtunzaji, au jengo, au kitabu. Msomaji hana mtetezi. Kanuni ya kwanza ilimpa mtetezi.

Kanuni ya pili ilimtoa mkutubi katika chumba chake na kumweka uwanjani. Kama kila msomaji astahili kitabu chake, basi yafaa kuuliza nani ahesabiwe kuwa msomaji. Ranganathan alijibu kwamba ni kila mtu: tajiri na maskini, mwanamume na mwanamke, mtu wa mji na mtu wa shamba, mtu mzima na mtoto, kipofu, mgonjwa, mfungwa na baharia. Neno hili lilisemwa katika nchi ambayo, kwa hesabu ya watu ya 1931, waliojua kusoma hawakufika mmoja katika kumi. Mtu mwenye busara ya kawaida angesema kwamba wafundishwe kwanza kusoma, kisha wapewe maktaba. Ranganathan aliugeuza mpango huo. Mtu aliyefundishwa herufi asipate cha kusoma huzisahau kabla ya miaka mingi kupita, na fedha iliyotumiwa kumfundisha imemwagwa mchangani. Na yule asiyejua kusoma bado aweza kusomewa. Naye akisomewa jambo lenye faida na shamba lake au afya ya mwanawe, hamu ya herufi humjia yenyewe.

Katika Oktoba 1931 fikira hiyo ilipata magurudumu. Huko Mannargudi, katika wilaya ya Tanjore, gari la kukokotwa na maksai lilianza kuzunguka vijijini likiwa limepakia vitabu. Gari la maksai lilikuwa chombo kinachojulikana na kila mkulima. Lilipita penye njia mbovu, halikuhitaji petroli, na halikumtisha mtu. Walioliona limebeba mpunga maisha yao yote sasa waliliona limebeba maandishi, na mzigo ule wa pili ukawa haki yao sawa na wa kwanza.

Lakini Ranganathan hakudanganyika kwamba hisani yaweza kuchukua mahali pa sheria. Chama cha Maktaba cha Madras, kilichoanzishwa 1928 kwa jitihada zake, kiliweza kufundisha na kushawishi. Hakikuweza kutoza kodi. Kwa sababu hiyo aliandika mfano wa sheria ya maktaba, akauleta mbele ya mkutano wa elimu wa Asia nzima uliofanyika Benares katika Desemba 1930. Mswada wa namna hiyo ulipelekwa katika baraza la kutunga sheria la Madras katika miaka ya 1930, wala haukufika mwisho. Ilibidi kungoja mpaka utawala wa kigeni uondoke. Bara Hindi ilipata uhuru 1947, na katika 1948 Madras ikapitisha Sheria ya Maktaba za Umma, ya kwanza katika Bara Hindi iliyo huru. Iliweka mamlaka ya maktaba katika kila wilaya na kuyapa fungu la fedha lisilotegemea ukarimu wa mtu, yaani kodi ndogo iliyoongezwa juu ya kodi ya majengo. Kodi ya namna hii ina udhaifu wake, kwani huleta nyingi penye majumba na chache penye vibanda, hali ni kwenye vibanda ambako haja ya vitabu huwa kubwa. Walakini ilikuwa na fadhila moja iliyoyashinda makosa yake: mwenye kuingia maktabani hakuingia kama mwombaji. Aliingia kudai kilicho chake.

Katika miaka hiyo hiyo Ranganathan alikuwa akiishughulikia kazi nyingine, ya kumwezesha msomaji kukipata kitabu pasipo kuhangaika. Alipokuwa London aliona katika duka kubwa mchezo wa watoto uitwao Meccano: vipande vya chuma vyenye matundu, pamoja na skrubu na kamba, ambavyo kwa kuunganishwa huwa daraja, winchi au gari, na kwa kufunguliwa huwa tena kitu kingine. Hapo alifahamu kasoro ya mipango ya vitabu iliyokuwapo. Mipango hiyo ilijaribu kuandika mapema orodha ya masomo yote ya dunia, kila somo na namba yake, kama kwamba elimu imekwisha kuzaliwa yote. Yeye alitaka vipande vya kuungwa. Katika mpango wake, uliochapishwa 1933 na kuitwa kwa alama ya nukta mbili inayoviunganisha vipande hivyo, somo huchambuliwa kwanza, kisha hujengwa upya. Mathalani kitabu juu ya kuponya maradhi ya mihogo katika Tanga miaka ya 1950 kina kitu chenyewe, yaani mhogo; kina jambo linalokipata, yaani maradhi; kina tendo, yaani tiba; kina mahali, na kina wakati. Kila kipande kina alama yake, na alama zikiungwa hutoa namba ambayo hapana mtu aliyeiandaa kabla, lakini kila mkutubi aijuaye kanuni aweza kuisoma.

Haki yataka isemwe kwamba mpango huu umesifiwa zaidi kuliko ulivyotumika. Nje ya Bara Hindi maktaba nyingi zilibaki na mpango wa Melvil Dewey au ule wa Maktaba ya Bunge la Marekani, kwa kuwa maktaba ikisha kubandika namba laki moja migongoni mwa vitabu vyake haizibandui kwa urahisi, hata ikionyeshwa namba zilizo bora. Ranganathan mwenyewe aliujua uzito wa kazi hiyo. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Benares katika 1945, alivipanga upya vitabu vyake vipatavyo laki moja kwa mkono wake, katika muda usiofika miaka miwili. Si kila maktaba yaweza kupata mtu kama huyo, na pengine si haki kuitaka impate. Hata hivyo njia yake ya kuchambua somo kwa pande zake nyingi iliwafunza wataalamu wa kupanga habari kila mahali, na leo mtu anapotafuta kitu katika mashine ya hesabu kwa kuchagua mahali, wakati na aina, hufuata mwendo ambao Ranganathan aliueleza kabla mashine hizo hazijakuwapo.

Katika uzee wake, miaka ya 1960, aliyaandika makumbusho ya kazi yake kidogo kidogo katika jarida la wakutubi wa Bara Hindi, na baada ya kifo chake yalikusanywa yakawa kitabu katika 1992, kwa jina lenye maana ya mkutubi atazamaye nyuma. Anachokitazama aghalabu ni mambo ya siku kwa siku, yaani kikao na msaidizi, mazungumzo na msomaji, barua kwa mkubwa, rafu na kadi. Mambo makubwa ya zama zake, vita, uhuru na kugawanywa kwa nchi, yalimpitia akiwa kazini. Msomaji mwepesi aweza kumwona kuwa alijitenga na siasa. Lakini mtu aliyeandika mswada wa sheria, akangoja karibu miaka ishirini mpaka ukapita, hakuwa amejitenga. Alikuwa amechagua uwanja wake. Na jinsi alivyotumia mali yake yathibitisha hilo. Katika 1956 alikipa Chuo Kikuu cha Madras rupia laki moja, akiba ya maisha yake, ili pawe na kiti cha profesa wa ukutubi kwa jina la mkewe Sarada. Alifariki 1972 katika Bangalore, mahali alipoanzisha kituo cha mafunzo na utafiti miaka kumi kabla.

Afrika Mashariki ililikabili swali lake katika miaka ile ile ya uhuru. Tanganyika ilipitisha sheria ya kuunda bodi ya huduma za maktaba katika 1963, na Kenya ikafanya hivyo 1965. Chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilianza Makerere 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa ikafunguliwa Dar es Salaam Desemba 1967. Kenya ilipowapakia ngamia masanduku ya vitabu katika 1996 na kuwapeleka kwa wafugaji wa Garissa, ngamia hao hawakutokana na maksai wa Mannargudi. Lakini wote hujibu swali moja, nalo ni nani atembee, kitabu au msomaji. Sheria hizo zote ni njema. Walakini sheria hufungua mlango wa nje tu. Mlango wa ndani umo mikononi mwa mtu mmoja aliyekaa mezani, na ndiyo maana fikira za Ranganathan hazijachakaa.

Atakaye kuipima maktaba yoyote, ya shule, ya wilaya au ya chuo kikuu, hana haja ya kuanza na hesabu ya vitabu vilivyomo. Na asimame mlangoni asome saa za kufungua, kisha ajiulize ni nani aliye na nafasi saa hizo. Na anyoshe mkono aone kama waifikia rafu ya juu. Na atoe kitabu kimoja, akitazame ukurasa wa tarehe za kuazimwa, aone mara ya mwisho kilitoka lini. Majibu ya mambo hayo matatu yatamweleza kama mahali hapo ni maktaba au ni ghala.